Vyumba vya msimu Nachingwea na Ruangwa: piga hesabu ya kodi kabla ya kununua magodoro

MINADA ya korosho inapoanza mnamo Oktoba, wageni huongezeka katika miji ya Nachingwea na Ruangwa: mawakala wa wanunuzi, madereva wa malori na wapakiaji. Ufuta nao huleta wengine katikati ya mwaka, kwani mazao yote mawili huuzwa kwa stakabadhi ghalani kupitia Chama Kikuu cha Ushirika cha RUNALI. Ruangwa ina wateja wa ziada kutokana na madini ya kinywe na mechi za Namungo FC, iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2019.

Kwa mwenye vyumba vinavyokaa bure, hiyo ni fursa. Hata hivyo, faida yake hutegemea kama anapangisha nyumba au anauza kitanda kwa siku. Mbele ya sheria, hizo ni shughuli mbili tofauti.

PANGO LA MSIMU

Anayeikabidhi nyumba nzima kwa kampuni kwa miezi mitatu hupokea pango. Kampuni hukata asilimia 10 na kuiwasilisha Mamlaka ya Mapato (TRA) ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha. Kwa hiyo, katika kila sh. 100,000 za pango, mwenye nyumba hutia mfukoni sh. 90,000. Bei ipangwe kwa kuzingatia hilo, na cheti cha makato kidaiwe na kutunzwa.

CHUMBA KWA SIKU

Anayepokea wageni wa siku moja au mbili anaendesha nyumba ya kulala wageni, hata kama ana vyumba viwili tu nyuma ya nyumba yake. Anahitaji namba ya mlipakodi (TIN) na leseni ya biashara ya halmashauri, ambayo siku hizi huombwa kupitia mfumo wa TAUSI. Akitumia jina lisilo lake, jina hilo lisajiliwe BRELA.

Bwana afya hukagua vyoo, maji na usafi, na Jeshi la Zimamoto hukagua vizimia moto. Ikiwa hati ya kiwanja inasema makazi, kibali cha kubadili matumizi kinatakiwa chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007. Kitabu cha wageni nacho kijazwe kila siku.

Aidha, halmashauri hutoza ushuru wa nyumba za kulala wageni juu ya bei ya chumba. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 nyumba hizo ziliondolewa kwenye ushuru wa huduma, hivyo mwenye gesti hapaswi kulipa ushuru wote wawili.

Wapo wanaodhani kuwa kodi ya majengo inayokatwa kwenye LUKU imemaliza kila kitu. Hiyo ni kodi ya jengo, wala haigusi mapato ya biashara.

MFANO WA HESABU

Chukua vyumba 4 kwa sh. 20,000 kila kimoja. Vikijaa siku zote 92 za Oktoba hadi Desemba, mauzo ni sh. 7,360,000. Miezi 9 iliyobaki kikilaliwa chumba kimoja tu kila siku, zinaongezeka sh. 5,460,000. Jumla ni sh. 12,820,000.

Kwa jedwali la kodi ya wafanyabiashara wadogo lililoanza mwaka wa fedha 2022/23, mauzo yanayozidi sh. milioni 11 hadi milioni 100 hutozwa asilimia 3.5. Hapo kodi ni sh. 448,700, na mashine ya risiti ya EFD inahitajika. Ushuru wa halmashauri, leseni, ukaguzi, umeme na mshahara wa mhudumu bado havijaondolewa.

Ikumbukwe kuwa leseni ni ya mwaka, wakati wateja wengi ni wa miezi michache. Asiye na wageni nje ya msimu atapata nafuu kwenye pango la kampuni. Mwenye wateja wa mwaka mzima ndiye atakayefaidi chumba kwa siku, naye aanze makaratasi Julai, asisubiri wiki ya mnada wa kwanza.