Gurudumu Lipi Lafaa kwa Toroli Lako?

Ndugu wafanyakazi, katika ukurasa huu wa leo hatutazungumza juu ya mishahara. Tutazungumza juu ya gurudumu. Huenda wengine watacheka, lakini waulizeni wale wanaosukuma magunia ya sukari kutoka kiwandani mpaka godauni, au majani mabichi ya chai kutoka kwenye mizani mpaka chumba cha kunyaushia. Wao hawatacheka.

Mimi mwenyewe nilifanya kazi godauni kwa miaka kadhaa. Siku moja tuliletewa matoroli mapya, yamepakwa rangi nzuri ya bluu, na chini yake magurudumu ya nailoni madogo kama kikombe cha chai. Juu ya sakafu laini ya ofisini, ambako yalijaribiwa mbele ya wakubwa, yalikwenda yenyewe kama yana mashetani. Lakini kati ya mlango wa kiwanda na godauni letu palikuwa na mfereji uliofunikwa kwa wavu wa chuma. Wiki ya pili gurudumu la mbele lilizama katika wavu, toroli likasimama, mzigo ukaendelea na safari. Mwenzetu mmoja alivunjika mguu. Katika kitabu cha ajali iliandikwa "uzembe wa mfanyakazi". Hakuna aliyeandika kipimo cha gurudumu.

Kuna watu ambao wamelazimika kulifikiria jambo hili kwa makini, nao ni wale wanaorusha ndege zisizo na injini. Ndege hizo hupanda angani kwa kuvutwa na ndege nyingine au kwa kamba ya winchi, kisha huelea juu ya hewa inayopanda. Lakini zikiwa chini hazina nguvu yoyote ya kwenda, kwa hiyo husukumwa kwa mikono au kuvutwa polepole na gari. Chukua mfano wa ile iitwayo ASK 21, inayotengenezwa Ujerumani, ambayo iliruka mara ya kwanza mwaka 1979 na hutumika sana kufundishia wanafunzi. Ikiwa tupu ina uzito wa kilo 360 hivi, na mabawa yake kutoka ncha hadi ncha ni mita 17. Watu wachache wanaweza kuipeleka uwanjani bila jasho jingi. Je, wanafanyaje?

Ndege yenyewe ina gurudumu lake kubwa chini ya tumbo, na hilo ndilo linalobeba sehemu kubwa ya uzito. Mkiani hufungwa kigari kidogo chenye gurudumu linalogeuka pande zote, ili ndege iweze kukata kona bila kuburuta mkia. Ikivutwa na gari, bawa moja huwekewa gurudumu lake pia ili lisianguke. Sasa tazameni jinsi magurudumu ya vigari hivyo yanavyochaguliwa. Kama uwanja ni wa saruji kutoka bandani hadi mahali pa kurukia, gurudumu dogo la mpira mgumu latosha. Lakini viwanja vingi vya ndege hizo ni vya majani, na mvua ikinyesha ardhi hulainika. Hapo gurudumu dogo jembamba huchimba mfereji, ingawa mzigo wa mkiani ni mdogo. Kwa hiyo wenye busara hutia gurudumu pana lenye tairi la upepo. Tena huvuta kwa mwendo wa mtu anayetembea, kwa sababu gurudumu linalogeuka likikimbizwa huanza kutikisika kushoto na kulia na kuupiga mkia.

Kigari hicho cha mkiani hupakwa rangi kali. Sababu si urembo. Kikisahauliwa na ndege ikapaa nacho, mkia huwa mzito kupita kiasi na rubani anaweza kushindwa kuitawala ndege. Watu wamekufa kwa kosa hilo.

Turudi kwetu. Jambo la kwanza ni ukubwa wa gurudumu, na hapa hesabu haina ubishi. Tuseme kuna kizingiti cha sentimeta 2 tu, na toroli limesimama limekigusa. Gurudumu lenye kipenyo cha sentimeta 10 litataka lisukumwe kwa nguvu inayozidi uzito lililobeba: likibeba kilo 60, utalisukuma kama unayeinua kilo 80. Gurudumu la sentimeta 20 litataka robo tatu ya uzito, yaani kilo 45. La sentimeta 40 litataka chini kidogo ya nusu, kama kilo 29. Kizingiti ni kile kile, mzigo ni ule ule, mtu ni yule yule. Na kizingiti kikifika nusu ya kimo cha gurudumu, hata mkisukuma kumi halitapanda, litagota tu. Kwa hiyo meneja akisema kwamba magurudumu madogo ni bei rahisi, mwulizeni ni rahisi kwa nani.

La pili ni ardhi. Toroli lenye uzito wa kilo 400 pamoja na mzigo, juu ya saruji laini na magurudumu mazuri, huendelea kwenda kwa msukumo wa kilo 8 hivi, ingawa kulianzisha kunataka zaidi. Toroli hilo hilo juu ya udongo laini wa shambani laweza kutaka kilo 40, au 80. Gurudumu jembamba la chuma halina ujanja mbele ya udongo: litazama mpaka lipate mahali pa kukaa. Tairi la upepo hufanya kinyume, hujitandaza. Likiwa na upepo wa kilo 2 kwa kila sentimeta ya mraba (ni kama pauni 28 kwenye kipimo cha pampu) na likibeba kilo 100, litakaa juu ya sentimeta 50 za mraba hivi, yaani visanduku vitatu vya kiberiti vilivyopangwa pamoja. Ubaya wake ni miiba, na ule uvivu wetu wa kutopima upepo. Tairi lililolegea juu ya saruji ni adhabu. Mahali penye miiba mingi, tairi lililojazwa sponji ngumu badala ya tyubu ni afadhali, ijapokuwa ni zito.

Kwa ndani ya kiwanda, chuma na nailoni huenda wepesi juu ya sakafu laini, lakini hupiga kelele na kuivunja sakafu, na sakafu ikishavunjika wepesi wote umekwisha. Mpira hukaa kimya, ila mafuta huula. Kuna pia magurudumu yaliyovikwa plastiki ngumu kama mpira, ambayo hustahimili mafuta. Lakini yako ambayo joto na unyevu huyafanya yamenyeke baada ya muda, basi katika chumba cha mvuke muulizeni fundi kwanza.

Juu ya uzito nasema neno moja tu, maana hapa ndipo karani wa manunuzi hukosea. Toroli la magurudumu manne halikai juu ya manne. Sakafu si kioo, kwa hiyo mara nyingi matatu hubeba na la nne linaning'inia. Chukua uzito wa toroli na mzigo wake, ugawe kwa tatu, wala si kwa nne. Kwa kilo 600, kila gurudumu liwe limeandikwa kilo 200 au zaidi.

Magurudumu yanayogeuka yawe mawili, na mawili mengine yafungwe yaende moja kwa moja. Yakigeuka yote manne, toroli ni zuri kwa chumba chembamba, lakini kwenye mteremko huteleza upande kama kaa. Na mteremko hauna huruma: ukishuka mita 1 katika kila mita 20, toroli la kilo 400 litakusukuma kwa kilo 20 za ziada. Hapo takeni breki. Gurudumu zuri peke yake litaongeza hatari, kwa kuwa litakimbia zaidi.

Sasa swali la sheria. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 127 wa mwaka 1967 unahusu uzito wa juu wa kubebwa na mtu mmoja, na Pendekezo namba 128 la mwaka huo huo linataja kilo 55 kwa mwanamume mzima. Lakini angalieni vizuri: mkataba unahesabu mzigo ulio wote juu ya mtu mmoja. Mzigo ulio juu ya magurudumu haumo katika hesabu hiyo. Hivyo nguvu ya kusukuma tutaipigania wenyewe katika mapatano yetu na mwajiri. Silaha tuliyo nayo ni kifungu cha 6, kinachosema vyombo vya kufaa vitumike kadiri iwezekanavyo ili kupunguza au kurahisisha ubebaji. Toroli lisilosukumika si chombo cha kufaa.

Wajumbe wa chama, kabla oda haijaandikwa, pimeni njia yote kwa futi kamba, kutoka mahali pa kupakia hadi pa kushusha: vizingiti, mifereji, wavu, mteremko, udongo wakati wa masika. Ombeni toroli moja la majaribio lisukumwe katika njia hiyo likiwa limejaa, na aliyesukuma ndiye aulizwe, si nyapara. Na yale mliyo nayo sasa, kabla ya kuyalaani, yainueni muangalie ekseli. Mara nyingi utakuta nyuzi za mkonge au kamba za magunia zimejisokota hapo mpaka beringi imekauka. Kateni nyuzi, tieni grisi kila wiki, na palipooshwa kwa maji tieni siku hiyo hiyo.