Uncharted imefika Kalundu: filme ya zahabu isiyo na mchimbaji

Jumamosi jioni kule Kalundu, kama umeme uko, sali za video zinajaa mapema. Watoto wanakaa chini mbele, vijana ku viti vya mbao, na sisi wakubwa tunasimama karibu na mlango sababu ya joto. Kibao cha nje kimeandikwa kwa chaki: «Leo Uncharted». Franka 500 kwa mkubwa, mtoto nusu. Umeme wa Ruzizi ukikatika, mwenye sali anawasha jenereta, anaongeza sauti ya spika, na filme inaendelea.

Filme hii ilitoka mu sinema za Ulaya na Marekani mwezi wa pili mwaka 2022. Tarehe 10 mwezi wa tano ikatoka kwa DVD na Blu-ray, maana yake kila mtu anaweza kuinunua na kuiangalia nyumbani kwake. Kwao nyumbani ni saloni yenye kanape. Kwetu wengi, nyumbani ni sali ya video ya kartie. Diski za asili, zile za boksi lenye picha, hatujaziziona ku soko la hapa. Kinachofika ni kopi ku flashi, inapita mpaka wa Kavimvira ama inavuka ziwa pamoja na bidhaa zingine. Wenye bahati wanapata ile yenye sauti ya mtafsiri wa Kiswahili, kazi ambayo Lufufu wa Dar es Salaam alizoesha watu: filme inaenda, na yeye anasimulia juu yake mpaka bibi kizee anafahamu yote.

Kwa wasioiona, hadithi ni hii. Kijana Nate (njo Tom Holland, yule wa Spider-Man) anauza vinywaji mu baa ya New York. Anakuja mtu mzima mmoja, Sully (Mark Wahlberg), anamuambia kuko zahabu ya baharia Magellan iliyopotea miaka 500. Wanaitafuta Barcelona, kiisha Ufilipino. Tajiri mmoja wa Uhispania anasema zahabu ni ya jamaa yake, sababu babu zake ndio walilipia safari. Watu wanapigana mu ndege, merikebu za zamani zinanyanyuliwa na helikopta. Tukubali ukweli: inafurahisha. Sali nzima ilisimama, na sisi pia.

Magellan mwenyewe alikuwa mtu wa kweli. Aliuawa mwaka 1521 ku kisiwa cha Mactan, Ufilipino, mu vita na watu wa pale. Mwaka uliofuata merikebu moja tu ilirudi Uhispania. Lakini hiyo zahabu ya mu filme ni ya kubuni, na filme yenyewe imetoka mu mchezo wa video uliotoka mwaka 2007 kwa machine ya PlayStation 3. Sony njo inatengeneza machine, njo yenye studio ya mchezo, njo yenye filme. Filme iligharimu karibu dola milioni 120, na mu sinema peke yake iliingiza karibu milioni 400.

Kiisha filme, tulibaki inje wachimbaji watano, tunakunywa chai. Mwenzetu mmoja, mtu wa maneno machache, akauliza: «Ile zahabu yote, nani aliichimba?» Tukanyamaza. Tukarudilia filme mu kichwa toka mwanzo mpaka mwisho. Kuko mwenye kuitafuta, mwenye kuiba, mwenye kulipia safari, mwenye kusema ni ya babu yake. Hakuna hata mtu mmoja mwenye nyundo na burini. Zahabu iko tu mu pipa, imesafishwa, inangojea mwenye akili aje kuibeba.

Kuko fasi moja ilitushika roho zaidi. Nate na mwenzake wa kike, Chloe, wanafungiwa chini ya ardhi Barcelona. Maji inaingia. Inafika kiunoni, inafika shingoni. Sully iko juu, anatafuta namna ya kufungua. Anafungua, wanatoka wamelowa nguo, wanaanza kugombana kwa maneno ya kuchekesha. Watoto mu sali walipiga makofi. Sisi hatukupiga. Tulikumbuka Kamituga, tarehe 11 mwezi wa tisa 2020, ku mashimo ya Detroit. Mvua ilinyesha, mashimo yakaanguka, na wenzetu wapata 50 walikufa. Hata miaka miwili ilikuwa haijatimia. Kule hakukuwa mtu wa kufungua mufuniko.

Tungeishia hapo kama si jambo lililotufikia baadaye.

Likizo kubwa imeanza, na ninyi wamama mnajua likizo kubwa inaleta nini. Wiki mbili baada ya filme, mke wa mwenzetu mmoja alikuja kwetu analia. Kijana wake wa miaka 14 amepotea toka asubuhi. Tukapiga simu kwa madereva wa njia ya Fizi. Mungu saidia, dereva mmoja anayemjua baba alimuona Baraka, juu ya lori, anaelekea Misisi. Akamshusha, akamlaza kwake, kesho yake akamrudisha.

Tulifungua mufuko wake wa shule mbele ya wazazi. Ndani mulikuwa tochi, biskuti mbili, na kamba ya kufungia mbuzi. Tuliipima: mita nne. Baba yake aliishika ile kamba muda mrefu. Yeye anashuka mu shimo tangu miaka kumi na miwili, anajua mita nne ni kitu gani.

Akamuuliza mutoto: «Ulifikiri shimo iko namna gani?»

Mutoto akajibu: «Papa, mie sijue. Haukuniambia hata siku moja.»

Wasomaji wetu, tulienda pale na maneno ya kumgombeza mutoto. Tulitoka kichwa chini. Sababu ni kweli. Tukirudi toka ku mashimo, tunaongea bei ya gramu, tunaongea deni la PDG wa shimo, tunaongea négociant aliyetuibia ku mizani. Lakini giza, hewa inayokatika, mbao zinazolia kabla ya udongo kushuka, hayo tunayaficha. Tunasema tunawahurumia watoto. Basi mutoto anabaki na mwalimu mmoja tu, filme, na mu filme shimo iko na mwanga kila pembe.

Wenzetu wengine mu sendika walitaka tuombe sali za video zifungwe kwa watoto. Hatukukubali. Jambo la kwanza, watoto wataangalia ku simu. La pili, filme nayo iko na neno lake zuri: mwishoni Sully anaachilia mufuko wa zahabu ili kumuokoa kijana. Hilo ni neno la sendika kabisa. Mtu mbele, zahabu nyuma. Tungependa kila PDG wa shimo aangalie hiyo fasi mara mbili.

Kuko pia hesabu moja tulifanya na vijana. Mu machine za michezo, mu simu, mu kompyuta, kuko vipande vidogo sana vinavyotunza umeme, na vingine vinatengenezwa kwa tantali. Tantali inatoka mu koltani, ile mawe meusi ya milima yetu. Wakubwa wanakumbuka mwaka 2000, wakati PlayStation 2 ilikuwa inatoka na simu zinaongezeka duniani: bei ya tantali ilipanda karibu mara kumi. Kivu nzima wakulima waliacha majembe, wanafunzi waliacha madaftari. Mwaka 2001 bei ikaanguka, na wengi hawakurudi tena darasani. Machine ya leo, PlayStation 5, ilipotoka 2020 bei yake ilikuwa dola 500 kasoro kidogo. Kila mchimbaji afanye hesabu yake mwenyewe: ni siku ngapi za kushuka kabla ya kununua mchezo wa kutafuta hazina?

Hatusemi hivi ili mtu achukie filme. Tunasema ili tujue tumekaa fasi gani mu hadithi. Mu filme hatumo. Mu machine inayochezesha mchezo, jasho letu linaweza kuwa ndani.

Basi kwa likizo hii tunaomba mambo matatu. Baba, ukienda ku sali ya video, enda na mutoto wako, na kiisha filme mueleze shimo yako ilivyo, bila kuficha na bila kujisifu. Mueleze pia sheria: Kodi ya migodi ya 2002, iliyorekebishwa 2018, inaruhusu kuchimba kwa mukono mtu mzima tu, Mcongomani mwenye karte, ndani ya koperative. Na mashimo yasipite mita 30 kwenda chini. Mama, ukiona tochi na kamba mu mufuko wa shule, usingoje jioni: piga simu kwa madereva na kwa sendika. Na ninyi PDG wa mashimo, mutoto akifika na mufuko wa daftari, mumurudishe. Msiseme ni wa kubeba maji tu. Kila mmoja wetu aliyeanza mutoto alianza kwa kubeba maji.

Yule kijana yuko nyumbani. Jumamosi iliyopita alikuja tena ku sali, amekaa karibu na baba yake, safari hii ilikuwa filme ya karate. Kamba imerudi kwa mbuzi.