Joka, Tauni na Watu Milioni 12: Vinara Saba wa Gemu za Mtandaoni

Gemu ya kawaida ukiizima, inalala. Hizi hazilali. Maelfu ya watu wanaingia kwa pamoja katika nchi moja ya kubuni, wanawinda majitu, wanauziana panga, wanagombana, na wewe ukienda kulala wao wanaendelea. Tunahesabu kutoka namba saba kushuka hadi moja. Kigezo changu hakina haya: rekodi iliyowekwa na umati wa wachezaji inaishinda ile iliyowekwa na watengenezaji.

7. Babu yao: MUD, 1978

Roy Trubshaw aliianzisha katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, na Richard Bartle akaiendeleza. Haikuwa na picha hata moja. Unaandika kwamba unakwenda kaskazini, kompyuta inakujibu kwa maneno kuhusu unachokiona huko. Tanzania Bara ilisubiri miaka 16 zaidi kupata kituo chake cha kwanza cha televisheni.

6. Ya kwanza kufurika: Ultima Online, 1997

Ilitoka Septemba, na ndani ya miezi sita ikawa na wateja 100,000 wa kulipia. Uwanja wa Benjamin Mkapa unabeba 60,000. Ujaze hadi juu, kisha watazame 40,000 waliobaki nje ya geti pale Temeke!

Nayo inashikilia aibu kubwa kuliko zote. Agosti ya mwaka huo, wakati wa majaribio, mbunifu wake Richard Garriott aliingia akiwa mfalme Lord British, mtu asiyekufa. Seva ilikuwa imezimwa na kuwashwa upya, na kinga yake hakuirudisha. Mchezaji mmoja akamwashia moto wa kichawi. Mfalme akafa mbele ya raia wake.

5. Yenye watu wengi: World of Warcraft

Oktoba 2010 kampuni ya Blizzard ilitangaza kwamba wateja wake wa kulipia wamepita milioni 12. Nchini Marekani ada ilikuwa karibu dola 15 kwa mwezi. Sasa chukua sensa za miaka ile ile. Weka Dar es Salaam yote (milioni 4.36), ongeza Nairobi yote (3.14), Kampala (1.5), Kigali (1.13) na Mombasa (0.94). Majiji matano, na bado unapungukiwa na watu karibu laki tisa.

4. Pambano refu: Final Fantasy XI

Mwaka 2008 kikosi kimoja kililivaa jitu liitwalo Pandemonium Warden kwa saa 18. Hiyo ni dabi ya Simba na Yanga mara 12 mfululizo, bila mapumziko. Baadhi ya wachezaji walitapika, wengine walizimia, na jitu halikufa. Kampuni ya gemu hiyo, Square Enix, ikalipunguza nguvu.

3. Tajiri: Norrath

Norrath haipo kwenye ramani. Ni nchi ya EverQuest, gemu iliyotoka Machi 1999. Wachezaji wake walikuwa wakiuza sarafu na silaha za humo kwa dola halisi kwenye minada ya mtandaoni, na mwaka 2001 mchumi Edward Castronova akaketi kuzipigia hesabu bei hizo. Pato la Norrath kwa kila mkazi lilitoka dola 2,266 kwa mwaka! Kwa hesabu yake hiyo ingekuwa nchi ya 77 kwa utajiri duniani, kati ya Urusi na Bulgaria, na sarafu yake ya platinamu iliizidi yeni ya Japani kwa thamani. Pato la Mtanzania wa mwaka ule halikufika hata nusu ya hapo. Mwindaji wa majoka asiyekuwepo alimzidi kipato mkulima wa kahawa wa Kilimanjaro aliyepo kabisa.

2. Tauni iliyosambaa kuliko zote: Warcraft tena

Septemba 2005 Blizzard ilimleta Hakkar, mungu wa damu, aliyewaambukiza washambuliaji wake ugonjwa wa kupunguza uhai kila baada ya sekunde chache. Ulipaswa kuishia kwenye makao yake. Lakini wanyama wafugwao na wachezaji waliubeba hadi mijini. Mchezaji wa ngazi ya juu alikuwa na uhai wa pointi elfu kadhaa, na kila pigo lilikula 250 hadi 300, kwa hiyo wachanga walikufa papo hapo. Wauzaji wa madukani, ambao ni kompyuta na hawafi, wakaambukiza kila mteja. Waganga walijitolea kutibu, wengine wakakimbilia porini, na wapo walioueneza kwa makusudi. Karantini ilivunjwa. Ilibidi seva ziwashwe upya. Mwaka 2007 jarida la kitabibu la Lancet Infectious Diseases likachapisha utafiti kuhusu tauni hiyo ya kubuni, kwa kuwa watu walikuwa wamefanya yale yale wanayofanya kwenye tauni ya kweli.

1. Joka lisilouawa: Kerafyrm

Bingwa ni huyu, na hakaribiwi. EverQuest ililiweka joka Kerafyrm limelala kaburini. Kila seva, yaani kila nakala ya nchi hiyo ya kubuni, ingeliamsha mara moja tu. Likiamka linaua wote waliopo, linaondoka, basi. Halikutengenezwa lishindwe.

Novemba 2003, kwenye seva ya Rallos Zek, vikundi vitatu vilivyokuwa vikichinjana kila siku vilipatana. Wakakusanyika watu karibu 200, mabasi matatu ya mkoani. Jaribio la kwanza walilishusha joka hadi karibu robo ya uhai wake, mara likatoweka: kampuni iliyoiendesha gemu ilikuwa imeingilia kati! Wachezaji walikuja juu, kampuni ikaomba radhi na kuwarudishia joka lao.

Tarehe 17 wakarudi. Mbinu ilikuwa moja: kufa, kufufuliwa na waganga, kupiga, kufa tena, kwa muda wa karibu saa tatu. Joka likaanguka. Halikuacha upanga wala sarafu, maana hakuna aliyewahi kuliwekea zawadi.