Kadi Ipi Itumike Kulipia Huduma za Ng'ambo?

Mwalimu aliyeko Mbamba Bay, kando ya Ziwa Nyasa, aweza leo kujiandikisha kwa kampuni iliyoko Ulaya au Marekani ili apate programu ya kompyuta ya kufundishia jiometri, akailipia kila mwezi bila kuondoka nyumbani. Kinachohitajika ni kadi ya benki yenye alama kama ya Visa au Mastercard. Lakini kadi hazilingani, na tofauti iliyo kubwa haionekani juu ya plastiki: ni kiasi cha fedha kilicho nyuma yake.

Tuangalie kwanza safari ya malipo. Mnunuzi huandika namba ya kadi, ambayo kwa kawaida ina tarakimu 16. Ile ya mwisho hupatikana kwa kukokotoa zilizoitangulia, kwa kanuni ya Hans Peter Luhn, mtafiti wa kampuni ya IBM, aliyeiombea hataza mwaka 1954. Tarakimu moja ikikosewa, kompyuta hutambua papo hapo. (Wanafunzi wa hisabati wangefurahia kuichunguza kanuni hiyo.) Kisha swali hutoka kwa muuzaji, likapitia benki yake na mtandao wa kadi, hadi benki iliyotoa kadi: je, fedha zipo? Mara nyingi benki hiyo hutuma pia tarakimu za siri kwenye simu ya mwenye kadi, nazo hudumu dakika chache tu. Mahali ambapo mawimbi ya simu hukatika, jambo hilo peke yake laweza kuvunja malipo.

Katika malipo ya kujirudia, tarakimu hizo kwa kawaida huombwa mara ya kwanza tu. Miezi inayofuata, muuzaji ndiye anayeanzisha malipo kwa ruhusa aliyopewa siku ile. Mwenye kadi haulizwi tena. Sasa tumfikirie mkulima wa kahawa wa milima ya Umatengo, wilayani Mbinga. Fedha zake nyingi huingia kwa msimu mmoja, nazo hukaa benki zimtunze hadi mavuno mengine. Mwanawe akimpa muuzaji wa ng'ambo namba ya kadi ya akaunti hiyo, hata kwa idhini ya baba, amefungua mlango wa ghala zima kwa mtu aliyekusudiwa kibaba kimoja. Jaribio la bure lisilofutwa kwa wakati hugeuka malipo ya kila mwezi, na huenda likagunduliwa siku ya kununua mbolea.

Kwa hiyo kadi ifaayo ni ile iliyotengwa: kadi ya kulipia kabla, au kadi ya akaunti ndogo ya pili. Kampuni za simu nazo hutoa kadi pepe, yaani namba isiyo na plastiki, inayochota katika fedha za simu. Safaricom ya Kenya ilianzisha yake pamoja na Visa mwaka 2022. Ubaya ni kwamba baadhi ya wauzaji hukataa kadi za kulipia kabla. Kadi ya mkopo hukubaliwa kwa urahisi zaidi, ila asiye na mshahara huipata kwa shida, na deni lake huzaa riba.

Kiasi cha kuweka nacho kinahitaji hesabu. Tuseme bei ni dola 10, na benki huuza dola moja kwa shilingi 2,500. Tangu Julai 2022 wauzaji wa ng'ambo wa huduma za kielektroniki wamewekwa chini ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ya Tanzania; tuseme ni asilimia 18. Bei hufika dola 11.80, yaani shilingi 29,500. Benki ikitoza ada ya asilimia 3, jumla ni shilingi 30,385. Aliyeweka shilingi 25,000 atakataliwa, na huenda asiambiwe sababu. Ada hutofautiana baina ya benki na benki, basi iulizwe mapema.

Anayetaka kuacha huduma aifute kwanza kwa muuzaji mwenyewe. Kubadilisha kadi pekee hakutoshi daima, maana mitandao ya kadi ina utaratibu wa kumpelekea muuzaji namba mpya.