Umepimaje, fundi?

Trekta likizima shambani mwezi wa Machi, hakuna anayekumbuka kuuliza maswali. Mawingu yamejikusanya juu ya Mlima Menengai hapa Nakuru, jirani amemaliza kulima, dereva na taniboi wake wameketi kivulini, na kila saa inayopita ni shamba ambalo halitalimwa kabla ya mvua. Mwenye trekta hupiga simu mbili. Ya kwanza ni kwa wakala aliyemuuzia mashine, ambaye humjibu kwamba mafundi wote wako nje, labda Alhamisi. Ya pili ni kwa fundi wa jua kali, ambaye baada ya saa moja hufika kwa bodaboda na gunia la spana. Kufikia jioni injini iko wazi, silinda hedi imelazwa juu ya nailoni, na mazungumzo yamehamia kwenye bei ya pistoni.

Nimehangaika na matrekta kwa miaka mingi, Rongai, Njoro, Molo na Mau Narok, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: nani bora, wakala au fundi wa jua kali? Jibu langu halijabadilika. Bora ni yule anayepima kabla ya kufungua. Nimeona fundi wa mtaani akiliua trekta zima kwa siku moja, na nimeona wakala akimwuzia mkulima pampu mpya ambayo hakuihitaji. Wote wawili walikosea mahali pamoja. Walianza na spana wakati ilitakiwa waanze na swali.

Msimu mmoja niliitwa nje kidogo ya Njoro kuangalia trekta la Massey Ferguson 290 lililokuwa likilima vizuri kwa saa moja, kisha linazima lenyewe. Likipumzishwa nusu saa, linawaka na kuendelea na kazi. Fundi aliyelitangulia alisema ringi za pistoni zimekwisha. Wakala mmoja, kwa simu tu, alishauri pampu ya injekta ibadilishwe nzima, na bei aliyotaja ilikuwa ya kumtoa mtu jasho. Nikamwuliza yule fundi, "Umepimaje?" Akanyamaza, kisha akajibu kwa unyofu, "Mzee, nimesikiliza tu."

Tukaliwasha, tukangoja. Injini ilipoanza kukohoa nilienda kwenye tanki. Kifuniko kilikuwa kimepotea siku nyingi, na mdomo wa tanki ulikuwa umezibwa kwa karatasi ya nailoni iliyokazwa kwa ukanda wa tyubu ili vumbi lisiingie. Nailoni ile ilikuwa imebonyea ndani kama kitovu. Nilipoifungua, tanki lilivuta hewa kwa sauti ambayo kila aliyekuwa pale aliisikia, na baada ya muda mfupi injini ikarudia mngurumo wake. Kifuniko halisi huwa na tundu dogo la kuingiza hewa kadiri dizeli inavyopungua. Tundu lisipokuwapo, ombwe hujijenga ndani ya tanki mpaka pampu ndogo ya kuvutia dizeli inashindwa. Trekta likipumzika, hewa hupenya polepole, na ndiyo maana lilikuwa likiwaka tena. Ringi zilikuwa nzima na pampu ilikuwa nzima.

Dalili ile, ya kuzima baada ya saa moja na kuwaka baada ya kupumzika, ilikuwa imeshasema karibu kila kitu. Ringi zilizokwisha hazisubiri saa moja. Hutoa moshi wa samawati tangu asubuhi, injini hula oili, na mvuke hutoka kwa nguvu kwenye tundu la kupumulia. Ndiyo sababu kabla fundi hajafika mimi humwomba mkulima aandike mambo machache: tatizo lilianza lini, injini ikiwa baridi au moto, moshi una rangi gani, na ni kitu gani kilifanyiwa kazi mara ya mwisho. Hilo la mwisho huwa na thamani ya pekee. Trekta lililogoma siku moja baada ya kubadilishiwa filta ya dizeli karibu kila mara limevuta hewa. Legeza skrubu iliyo juu ya filta, piga mkono wa pampu ndogo hadi mapovu yaishe na dizeli itoke safi, kaza, kisha nenda kwenye skrubu ya pampu kubwa ufanye vivyo hivyo. Kazi hiyo dereva mwenye spana moja anaiweza.

Eneo letu nalo lina magonjwa yake. Udongo kuanzia Gilgil hadi Njoro umetokana na majivu ya volkano. Ni mwepesi, na wakati wa kiangazi hupanda angani kama unga, nao ukiingia kwenye silinda husaga chuma. Nimewaona madereva wakiitoa filta ya hewa na kuigonga kwenye tairi ili vumbi lidondoke, na kila pigo huipasua ile karatasi mahali ambapo jicho halioni. Kuna kipimo kisichohitaji hata senti. Injini ikiwa imezimwa, fungua mpira unaotoka kwenye filta kwenda kwenye injini, ingiza kidole, pangusa ndani. Kidole kikitoka na vumbi, trekta hilo linakufa polepole, hata kama leo linavuta vizuri.

Halafu kuna mwinuko. Mji wa Nakuru uko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na Mau Narok ni zaidi ya mita 2,700. Kule juu, hewa inayoingia kwenye injini imepungua kwa kadiri ya robo ukilinganisha na Mombasa. Injini isiyo na tabo hupata dizeli ileile lakini hewa kidogo, kwa hiyo hutoa moshi mweusi na nguvu hupungua. Huo si ugonjwa. Bahati mbaya wapo mafundi ambao, wakiambiwa trekta halina nguvu, hugeuza skrubu ya pampu kuongeza dizeli. Kinachokosekana ni hewa! Dizeli ya ziada hugeuka masizi na joto, na joto hilo likiendelea msimu mzima huyeyusha kichwa cha pistoni. Dawa ya Mau Narok ni kushuka gia, au kutoa diski moja kwenye plau, na kumkatalia anayetaka kugusa pampu bila mashine ya kuipimia.

Maji pia hufuata mwinuko. Kwenye urefu huo huchemka kwenye nyuzi 91 hivi, wakati injini yenye afya hufanya kazi kwenye nyuzi 80 na zaidi. Nafasi iliyobaki ni finyu, na kinachoipanua ni kifuniko cha redieta, kwa kuwa springi yake hushikilia presha ndani na maji hayachemki mapema. Sasa hesabu mwenyewe ni matrekta mangapi umeona yakiwa na gunzi la mahindi mahali pa kifuniko hicho. Trekta huchemka, fundi hung'oa themostati akidhani anasaidia, linaendelea kuchemka, na mwishowe gasketi ya hedi inaungua na oili inakuwa na rangi ya chai ya maziwa.

Turudi kwenye zile simu mbili. Mafundi wetu wa jua kali wanayajua vizuri matrekta ya zamani, na wana haki ya kujivunia hilo. Massey Ferguson 135, lililoanza kutengenezwa mwaka 1964, na ndugu zake waliofuata, pamoja na Ford 5000 na 6610, yamefunguliwa na kufungwa katika mashamba haya mara nyingi kiasi kwamba ujuzi umepokezanwa kama urithi. Klachi, breki, beringi, sili za haidroliki, stata: kwa trekta la namna hiyo sioni sababu ya kumlipa wakala nauli ya kutoka mjini. Isipokuwa pampu ya injekta na nozo. Hizo zitolewe, zifungwe kwa kitambaa safi, zipelekwe kwenye karakana yenye mashine ya kupimia. Fundi anayeifungua pampu chini ya mti, upepo ukivuma, anaiharibu hata kama mikono yake ni hodari.

Kwa trekta jipya mambo hugeuka. Lingali na waranti, na kwa kawaida sevisi ya kwanza huja kwenye saa 50 za kazi. Sevisi hiyo ikikosekana kwenye kitabu, au ikifanywa na mtu asiyetambuliwa, wakala anaweza kuikataa waranti. Isitoshe, injini nyingi mpya zina mfumo wa komoni reli, ambamo dizeli husukumwa kwa presha inayozidi mara elfu moja ya hewa tunayovuta. Mtindo wa zamani wa kulegeza bomba la nozo moja baada ya jingine ili kujua silinda iliyokufa hauruhusiwi kabisa hapo. Tone linalotoka kwa presha hiyo hutoboa ngozi na kuingia mwilini. Kidonda huonekana kidogo kama cha sindano, lakini mtu anaweza kupoteza mkono. Hilo likitokea, ni hospitali saa hiyohiyo.

Mashine hizi mpya zina kompyuta, na kompyuta hiyo husomwa kwa programu ya kampuni. Wakulima wa Marekani wameipigania haki ya kuitumia programu hiyo kwa miaka. Mwaka 2023 jimbo la Colorado likawa la kwanza kupitisha sheria inayowalazimu watengenezaji wa mashine za kilimo kuwapa wakulima na mafundi huru vitabu, vipuri na programu za ukarabati, na sheria hiyo ilianza kutumika Januari 2024. Januari 2025, tume ya biashara ya serikali kuu ya Marekani iliishtaki kampuni ya Deere, inayotengeneza matrekta ya John Deere, kuhusu suala hilohilo. Mkulima wa Subukia hana jimbo la kumpigania, ila ana nguvu moja, nayo huisha siku anapotia sahihi. Kabla ya kununua, uliza: nani Nakuru ana kifaa cha kusomea kompyuta ya trekta hili? Ana mafundi wangapi wa kwenda mashambani mwezi wa Machi? Filta, mikanda na sili viko ghalani leo, au huagizwa ng'ambo?

Maswali hayo si ya uchokozi. Januari 2025, kampuni ya CMC Motors, iliyokuwa ikiuza matrekta ya New Holland, ilitangaza kufunga shughuli zake Kenya, Uganda na Tanzania. Trekta huishi miaka 30 likitunzwa, na wakala anaweza kuondoka kabla yake. Hapo ndipo anayetegemewa ni yule fundi wa jua kali, na ndiyo maana ninasema kampuni zinazomficha vitabu vya ukarabati zinawaumiza wateja wao wenyewe.

Ukimwita wakala, msaidie aje mara moja. Piga picha ya bamba lenye namba ya trekta na namba ya injini, saa zinazosomeka kwenye mita, na video fupi ya moshi, umtumie kwa WhatsApp. Safari ya pili ya fundi aliyebeba sili ya Massey nyingine hulipwa na wewe.

Na ukimwita fundi huru, muandikiane, hata kwenye daftari la shule. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Watumiaji ya mwaka 2012 ina sehemu inayohusu ukarabati wa magari na bidhaa nyingine: makadirio hutolewa kabla ya kazi, na vipuri vilivyotolewa hurudishiwa mwenye mali. Vidai vipuri hivyo. Beringi kuukuu mkononi hukuonyesha kama kweli ilikuwa imekwisha. Nunua spea mwenyewe au uende naye dukani, maana filta bandia hufanana na halisi mpaka kwenye sanduku. Muulize kama amefanya mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani. Hajaufanya? Usimfukuze kwa sababu hiyo, bali mhimize aufanye.

Kuna kazi moja ambayo sitaki ifanywe kwa haraka, hata mvua ikinyesha. Kubadilisha klachi kwenye Massey hulazimu trekta litenganishwe katikati, injini upande mmoja na giaboksi upande wa pili. Nimelikuta limeegemezwa kwenye magogo na mawe, kijana amelala chini yake akitafuta boli ya mwisho. Uzito ule ukiteleza hakuna wa kuushika. Tafuta stendi za chuma na sakafu ngumu, kaba magurudumu, na kama havipo, ngoja hadi vipatikane. Shamba lisilolimwa litangoja mwaka mmoja.

Yule fundi wa Njoro siku hizi hutembea na daftari. Nilipokutana naye mara ya mwisho alikuwa amepima mgandamizo wa silinda nne za Ford moja kabla ya kugusa hata boli, na akamwambia mwenyewe kwamba injini ni nzima, shida ni nozo mbili.

Sehemu kubwa ya ngano ya huku huvunwa kufikia Desemba, na plau haziingii shambani kwa kishindo hadi mvua ikaribie. Januari trekta limesimama, wakala hana foleni, na fundi mzuri anatafuta kazi. Mwite wakati huo, na swali lako la kwanza liwe lilelile: umepimaje?