Kabla ya Kuukata Mguu

Mjomba wangu alikatwa mguu kwa sababu ya kidonda kilichoanzia kwenye kidole gumba. Alikuwa mvutaji wa tumbaku tangu ujana wake. Nilipokwenda kumjulia hali aliniambia, "Mpwa wangu, niliambiwa nitie sahihi tu. Hakuna aliyenieleza kama palikuwa na njia nyingine." Maneno hayo yamenikaa moyoni. Jibu ni kwamba njia nyingine huwapo, ingawa si kwa kila mgonjwa.

Mguu wa namna hiyo huoza kwa kuwa damu haiufikii, na hakuna dawa ya kupaka iwezayo kuponya nyama isiyolishwa. Jambo la kwanza, basi, ni kupima mishipa, na inapowezekana kuunga mshipa mwingine upite kando ya ule ulioziba. Lakini wapo ambao mishipa yao midogo imeziba hadi vidoleni, hasa wavutaji wenye maradhi aliyoyaeleza Leo Buerger wa New York mwaka 1908. Hao mara nyingi hawana mahali pa kuunga.

Kila aliyewahi kuchinja mbuzi anaujua utando wa mafuta unaofunika matumbo. Binadamu naye anao, nao una mishipa tele. Mwaka 1972 madaktari McLean na Buncke wa Marekani walitangaza jinsi walivyouhamishia kichwani mwa mgonjwa na kuunga mishipa yake kwa msaada wa hadubini. Nao wapasuaji wa India wameurefusha utando huo ukiwa bado umeshikamana na mshipa wake, wakaupitisha chini ya ngozi hadi mguuni, ili mishipa mipya ichipuke humo. Wapo waliopona vidonda, maumivu yakatulia.

Simdanganyi msomaji. Upasuaji huo ni mzito, mara nyingine hushindwa, na haumfai anayeendelea kuvuta. Tena mguu uliokwisha kuoza na kueneza sumu mwilini hauna budi kukatwa ili kuokoa maisha.

Rai yangu ni kwamba mgonjwa apimwe mishipa na kuelezwa yote kabla ya kupewa kalamu atie sahihi. Nasi tuache tumbaku, tusingoje kidole kiwe cheusi ndipo tutafute daktari. Mguu ukishakatwa haurudi.