Maporomoko ya Sipi: Picha inayosomwa kama daftari la Mlima Elgon

SIPI, Uganda

MFANYABIASHARA anayetoka Kitale kwenda Mbale kwa njia ya Suam hupita karibu na moja ya mandhari zinazopigwa picha zaidi nchini Uganda. Wengi hawasimami. Gari lina mzigo, mnunuzi anasubiri, na maporomoko ya maji hayana bei sokoni. Anayesimama hutoa simu, hupiga picha mbili au tatu kutoka ukingoni mwa barabara, kisha huendelea na safari.

Hata hivyo, picha hizo zinahusu biashara yake kuliko anavyodhani. Maji yanayoonekana yakidondoka Sipi huanzia ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon, mlima uleule unaonywesha mashamba ya kahawa, mahindi, viazi na maharage ambayo mazao yake huvuka Suam, Lwakhakha na Malaba. Kwa anayejua kuitazama, picha ya maporomoko haya huonyesha hali ya mlima mzima.

Mto mmoja, ngazi tatu

Elgon ni volkano iliyozimika, na mpaka wa Kenya na Uganda unapita juu yake. Kilele chake kirefu zaidi, Wagagai, chenye mita 4,321, kiko upande wa Uganda. Kenya ilianzisha hifadhi ya taifa upande wake mwaka 1968, na Uganda ikafuata mwaka 1993 kwa kuupandisha hadhi uliokuwa msitu wa akiba.

Mto Sipi hushuka kwenye mteremko wa kaskazini-magharibi, wilayani Kapchorwa, na kuvuka kingo tatu za mwamba. Poromoko la chini ndilo kubwa na ndilo linalojaza kalenda na mabango ya watalii. Urefu wake ni karibu mita 100, na maji yake huanguka mbele ya ukuta wa mwamba uliobonyea kwa ndani. Jina la mto, inaelezwa, limetokana na neno “sep”, mmea unaofanana na mgomba unaoota kandokando ya maji na ambao Wasabiny huutumia kama dawa.

Maporomoko hayo matatu yako nje kidogo ya mpaka wa hifadhi, katikati ya mashamba na nyumba za watu. Anayetaka kupiga picha ya poromoko lililo ndani ya hifadhi yenyewe hupanda hadi kituo cha Kapkwai, kisha huongozwa kwa miguu msituni hadi poromoko la Chebonet. Hilo ni dogo kuliko Sipi, lakini limezungukwa na miti, na hakuna paa la bati litakaloingia kwenye picha. Upande wa Kenya kuna pango la Makingeny, ambako kijito hudondoka mbele ya mlango wake. Mpiga picha aliye ndani ya pango huona pazia la maji likiwa na msitu nyuma yake.

Saa, mwanga na mkono usiotikisika

Wapiga picha wazoefu huanza na saa. Kwa kuwa mteremko wa Sipi umegeukia kaskazini-magharibi, jua la asubuhi huchelewa kuufikia ukuta wa mwamba. Asubuhi bonde huwa kwenye kivuli na mwanga ni mpole, kwa hiyo maji hayageuki kuwa doa jeupe lisilo na umbo. Alasiri jua huangaza maporomoko moja kwa moja, na huo ndio muda wa upinde wa mvua. Upinde huonekana pale jua likiwa mgongoni mwa mpiga picha na mvuke wa maji ukiwa mbele yake. Akisimama kinyume cha hapo, hata asubiri hadi jua lizame, hatauona.

Baada ya saa huja kasi ya kamera. Lenzi ikifunguka kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, kama moja ya mia tano, kila tone huganda hewani na nguvu ya maji huonekana. Ikiachwa wazi kwa robo sekunde hadi sekunde nzima, maji hulainika kama pamba iliyochambuliwa. Kazi ya pili inahitaji kamera itulie kabisa. Wenye vifaa hutumia kigoda cha miguu mitatu, na mwenye simu anaweza kuiegemeza juu ya jiwe na kutumia kipima muda ili kidole chake kisiitikise. Simu nyingi za sasa zina mpangilio wa kupiga picha za mwanga mrefu, hivyo kamera ghali si sharti.

Mwangaza mkali ukizidi, picha ya kasi ndogo huungua na kuwa nyeupe tupu. Ndiyo maana wengine hufunga kioo cheusi mbele ya lenzi, na wasio nacho husubiri wingu. Siku ya mawingu, ambayo mtalii huilalamikia, ni siku njema kwa mpiga picha wa maporomoko, kwa sababu mwanga huenea sawasawa na kijani cha majani hukolea.

Kitambaa kikavu ni muhimu kama betri. Chini ya poromoko kubwa mvuke hulowesha lenzi kwa sekunde chache, na picha nyingi huharibika kwa tone moja ambalo mpiga picha hakuliona hadi alipofika nyumbani. Mfuko wa plastiki wa kufunika kamera na viatu visivyoteleza humaliza orodha. Mawe yaliyo karibu na maji yana ukungu, na kila mwaka mvua hubadilisha njia za kushukia. Kijana wa kijijini anayeongoza wageni anajua lipi limelegea.

Kuna pia gharama ndogo ambazo mgeni asiyejua huzilalamikia. Njia nyingi za kwenda maporomokoni zinapita kwenye mashamba ya watu, na wenye ardhi hutoza ada ya kupita. Ni vizuri kukubaliana na mwongozaji kabla ya kuanza kushuka kama bei yake inajumuisha ada hizo. Wafanyabiashara wa mpakani hawahitaji kufundishwa hilo: bei hupangwa kabla mzigo haujapakiwa.

Rangi ya maji

Picha mbili zilizopigwa mahali pamoja, moja Januari na nyingine katikati ya msimu wa mvua, huonekana kama za mito miwili. Katika miezi ya kiangazi, Desemba hadi Februari, maji hupungua na kuwa meupe. Mvua ikinyesha, poromoko hunenepa, na mara nyingi hugeuka rangi ya chai ya maziwa.

Rangi hiyo ni udongo. Mvua ikianguka msituni, majani na mizizi huipunguza kasi na sehemu kubwa huzama ardhini, kisha hutoka polepole kwenye chemchemi hata miezi isiyo na mvua. Ikianguka kwenye mteremko uliolimwa bila matuta wala miti, maji hukimbia juu ya ardhi yakibeba tabaka la juu, lile lenye rutuba. Siku ya mvua mto hufurika kwa tope, na siku za jua hubaki uzi mwembamba.

Kwa hiyo poromoko linalozidi kuwa la kahawia wakati wa mvua na jembamba wakati wa kiangazi ni dalili kwamba msitu au mashamba ya juu hayahifadhi maji kama inavyopaswa. Picha moja haitoshi kuthibitisha hilo. Inahitajika picha iliyopigwa kutoka jiwe lilelile, mwezi uleule, mwaka baada ya mwaka. Vijana wanaoongoza wageni Sipi hupita hapo karibu kila siku wakiwa na simu mfukoni. Bila gharama ya ziada wanaweza kutunza kumbukumbu ambayo mwanasayansi angesafiri mbali kuitafuta.

Elgon imekwisha kuonyesha gharama ya udongo unaoachia. Machi 1, 2010, maporomoko ya ardhi yalifukia kijiji cha Nametsi wilayani Bududa na kuua watu wengi. Oktoba 2018 Bududa ilipigwa tena. Mwishoni mwa Julai 2022 mito ilivunja kingo na kufurika mjini Mbale, na Novemba 2024 ardhi iliteremka Bulambuli, wilaya inayopakana na Kapchorwa. Mvua kubwa ndiyo iliyoanzisha kila tukio, lakini miteremko mikali iliyolimwa na kukosa miti huipa mvua kazi rahisi.

Kwa mfanyabiashara, hasara hiyo huja kwa njia nyingi. Barabara ikikatika, viazi huozea ndani ya gari. Rutuba ikishuka mtoni, mkahawa hutoa buni chache. Kahawa ya arabika ya eneo hili, ambayo Chama cha Ushirika cha Bugisu kimekuwa kikiikusanya tangu mwaka 1954, inategemea ubaridi na maji ya mlima.

Walioishi juu ya maporomoko

Wapo watu ambao hawaonekani kwenye picha za kalenda. Wabenet waliishi juu mlimani, kwenye nyanda na misitu, kabla eneo hilo halijawa hifadhi. Mipaka ilipochorwa na kuchorwa upya, familia nyingi zilitolewa au kuachwa bila uhakika wa ardhi. Oktoba 2005, Mahakama Kuu iliyokaa Mbale iliandika makubaliano yaliyowatambua kuwa wakazi wa asili wa eneo hilo, lakini madai ya ardhi hayakuishia hapo.

Suala hilo linamhusu moja kwa moja anayebeba kamera. Mama anayeteka maji chini ya poromoko si sehemu ya mandhari. Anaombwa ruhusa kwanza, na kama picha itauzwa, anaambiwa. Na anayetaka maji yabaki meupe hawezi kudai msitu ulindwe huku akiwasahau waliohamishwa ili ulindwe. Asiye na shamba chini atalima juu, na udongo wa juu ndio unaoonekana kwenye picha.

Kuvuka mpaka na kamera

Raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wamekuwa wakivuka mipaka ya nchi hizo tatu kwa vitambulisho vya taifa tangu mwaka 2014. Mgeni wa kutoka nje ya kanda anaweza kutumia viza moja ya utalii ya nchi hizohizo, ambayo ilianzishwa mwaka huo kwa dola 100 na siku 90. Hifadhi zenyewe bado hazina mlango mmoja: ada iliyolipwa Uganda haimwingizi mtu upande wa Kenya.

Kamera ya matumizi binafsi haileti shida, ila anayebeba lenzi nyingi na taa afadhali aorodheshe vifaa vyake kwa maofisa wa forodha anapoingia, ili asidaiwe ushuru anapovirudisha nyumbani. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 inatambua uingizaji wa muda wa vifaa vitakavyorudi vilikotoka.

Droni ni jambo jingine. Kenya na Uganda zote zinataka kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga kabla ya kuirusha, na ndani ya hifadhi hutakiwa pia idhini ya wasimamizi wake. Kufika nayo mpakani bila karatasi ni kuiacha mpakani. Filamu au picha za matangazo ya biashara nazo huhitaji kibali cha hifadhi, tofauti na picha za kumbukumbu za mgeni wa kawaida.

Mlima mmoja, masoko mengi

Maji ya Elgon hayafuati mpaka. Sipi huelekea nyanda za Kyoga na hatimaye Nile. Mto Suam hutoka kwenye kreta juu ya mlima, ukawa mpaka wa nchi mbili kwa sehemu ya safari yake, kisha ukaitwa Turkwel, ukazungusha mitambo ya umeme ya Kenya na kuishia Ziwa Turkana. Mito mingine ya mlima huingia Nzoia na kufika Ziwa Victoria.

UNESCO ilizitambua pande zote mbili za mlima kuwa hifadhi za viumbe na binadamu, Kenya mwaka 2003 na Uganda mwaka 2005, na taasisi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zimekuwa na mpango wa pamoja wa kuutunza. Barabara nayo imefanya sehemu yake: kilomita 73 za Kapchorwa hadi Suam zimejengwa kwa lami kwa fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika, na nyingine zikaunganisha Suam na Kitale. Njia iliyowekwa ili kupitisha magunia inapitisha pia wageni wenye kamera, na wageni hao hulala, hula na hununua kahawa.

Mgeni aliyevutiwa na picha ya maji meupe atatarajia kuyakuta meupe. Akikuta tope wakati wa mvua na uzi mwembamba wakati wa jua, hatarudi, na atawaambia wenzake. Muuza kahawa, mwenye nyumba ya wageni, dereva wa Suam na mkulima wa Kapchorwa wote wanategemea maji hayohayo, na miti inayoyatunza iko juu zaidi ya mahali kamera nyingi zinapofika.